Usianze na Miguu: Niliyojifunza kwa Kuwatazama Magwiji wa Baleti na Broadway

Nilianza kuipenda dansi ya jukwaani nikiwa mtu mzima, bila mwalimu, bila mzazi aliyenitangulia, bila hata rafiki wa kumuuliza. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa: unasikia majina ya Balanchine, Fosse, Nureyev na Robbins, unaambiwa hawa ni magwiji, unatazama, unaona watu wanaruka vizuri sana, basi. Ukuu wenyewe huuoni uko wapi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema kwamba baleti si ya watu kama sisi. Mimi nilikaribia kusema hivyo. Kilichonisaidia ni kugundua kwamba kuitazama dansi ni ujuzi, nao hujengwa taratibu, kwa kurudia na kwa kujua jicho litue wapi.

Kinachompoteza mgeni ni miguu. Miguu ndiyo inayoruka, inayozunguka, inayogonga sakafu, kwa hiyo jicho linaifuata na kuacha mengine yote. Aliyeniinua macho kutoka sakafuni ni Fred Astaire. Alizaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1899, akakulia jukwaani akicheza na dada yake Adele, hadi Adele alipoolewa na kuacha sanaa mwaka 1932. Alipoingia Hollywood alishikilia jambo moja kwa ukaidi: kamera imwonyeshe mwili mzima, utosi hadi unyayo, na dansi isikatwekatwe vipande. Kwa ajili ya ukaidi huo, sisi tuliozaliwa baada yake tunaweza kujifunza kwake.

Jaribu hivi. Chukua dansi moja fupi ya Astaire na uitazame kwanza kwa raha tu. Ukirudia, usitazame chini ya kiuno. Fuata mabega, shingo, viganja, namna anavyogeuza kichwa kabla mwili haujageuka. Utaona mdundo unaanzia kifuani, miguu inaupokea baadaye. Kisha zima sauti. Kama muziki bado unausikia kwa macho, umekutana na mchezaji mkubwa. Hilo ni jaribio nililolitumia kwa kila mchezaji tangu hapo, na halijawahi kunidanganya.

Baada ya hapo mtazame Ginger Rogers, mwenzake wa kucheza kwenye filamu, peke yake, kana kwamba Astaire hayupo. Dansi ya mwisho ya filamu ya Swing Time ya mwaka 1936 ilirudiwa mara nyingi sana mbele ya kamera hadi miguu yake ikatoa damu ndani ya viatu. Kwenye filamu huoni chochote. Uso umetulia, gauni linaelea, mgongo haujalegea hata kidogo. Nilipolijua hilo nilianza kutazama kwa namna nyingine: nikawa natafuta kazi inayofichwa.

Kutoka kwa Astaire nikafika kwa ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, na hapo nilisimama muda mrefu. Hawakusomea dansi shuleni. Wazazi wao walikuwa wanamuziki wa ukumbini huko Philadelphia, na Fayard alijifunza kwa kukaa akiwatazama wasanii, kisha akamfundisha mdogo wake. Katika filamu ya Stormy Weather ya mwaka 1943 wanashuka ngazi kubwa huku kila mmoja akimruka mwenzake juu ya kichwa na kutua miguu imepanuka kabisa sakafuni, halafu wanainuka bila kushika chochote kwa mikono. Wanafanya hivyo kidato baada ya kidato. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Furaha hiyo ilifuatiwa na hasira. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa walicheza kwao, na Hollywood iliwapa sehemu ndogo zilizopangwa makusudi zisiingiliane na hadithi, ili kumbi za sinema za kusini mwa Marekani ziweze kuwakata kwenye filamu bila pengo kuonekana. Hawakupewa kuwa wahusika wakuu. Kabla yao Bill Robinson, mzaliwa wa Richmond, Virginia, aliipandisha dansi ya kugonga viatu kutoka kwenye nyayo nzima hadi kwenye ncha za vidole, nyepesi na iliyosimama wima, naye akapewa majukumu ya watumishi. Ukiwapenda magwiji wa sanaa hii, utalazimika kuzijua habari hizi pia. Usiziruke. Zinakueleza kwa nini baadhi ya dansi bora kabisa zilizowahi kupigwa picha zina urefu wa dakika chache tu.

Baleti ilikuwa ngumu zaidi kwangu. Nilijinyima nikanunua tiketi ya karibu kabisa na jukwaa, nikiamini ukaribu ndio kila kitu. Ukaribu una zawadi zake. Unasikia viatu vigumu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, vikigonga mbao, unaona jasho, unasikia pumzi ya mtu anayetabasamu kana kwamba hapumui. Lakini baleti nyingi za kale zimetungwa kama ramani, na ramani haisomeki ukiwa umelala juu yake. Mfano mzuri ni tukio la vivuli katika La Bayadère, aliyoitunga Marius Petipa huko St Petersburg mwaka 1877. Wanawake waliovaa nyeupe, 24 au 32 kutegemea kundi, wanashuka mteremko mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akirudia hatua ileile: mguu unanyooshwa nyuma, mwili unainama mbele, kisha mwili unarudi nyuma na mikono inainuka. Hakuna hila nyingine. Nguvu inatokana na kurudia na kujipanga. Kutoka kiti cha juu, cha bei ya chini, nililia. Kwa hiyo kama pesa ni za kuhesabu, na kwa wengi wetu ni za kuhesabu, anza juu. Ukishakipenda kipande fulani, ndipo usogee karibu ukawaone watu.

Soma hadithi kabla ya kwenda. Hakuna aibu, hata wakongwe husoma. Jifunze pia zile ishara za mikono za baleti za karne ya 19, maana ni chache na zinajirudia: mikono ikizungushwa juu ya kichwa ni mwaliko wa kucheza, kiganja moyoni ni mapenzi, vidole viwili vilivyoinuliwa ni kiapo, kidole cha pete kikionyeshwa ni ndoa, ngumi zilizopishanishwa mbele ya mwili ni kifo. Nilipozifahamu hizo, baleti za Giselle na Swan Lake zilifunguka. Dakika ambazo zamani nilisinzia zikawa mazungumzo.

Lakini kilichonibadilisha kuliko vyote ni kwenda darasani mwenyewe. Nilijiunga na darasa la watu wazima wanaoanza, na siku za mwanzo niliogopa kioo. Nilidhani kushika fito ya ukutani na kukunja magoti ni utangulizi wa kupitisha muda. Kumbe kazi yote imo humo. Baleti inataka miguu igeukie nje, na mzunguko huo lazima utoke nyongani. Mwili usiozoea hutafuta njia ya mkato, unageuza nyayo tu na kuyaachia magoti mzigo. Magoti yangu yalinieleza hivyo kwa maumivu. Mwalimu mmoja mwenye subira alinifundisha kugeuza kidogo kile ambacho nyonga zangu zinaweza, si zaidi, na kuongeza kwa miezi. Ukijiunga na darasa kama hilo, anza na pembe ndogo, usilinganishe nyayo zako na za jirani, na usikimbilie viatu vya ncha. Hivyo vinahitaji kifundo cha mguu, unyayo na kiuno vilivyoimarishwa kwa muda mrefu chini ya jicho la mwalimu.

Sikuwa mchezaji, wala sikutaka kuwa. Nilipata kitu kingine: mwili wangu ulianza kunisaidia kutazama. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja jukwaani akaachia mkono wa mwenziwe kwa nukta kadhaa, mimi sasa najua tumbo lake linafanya nini. Na ndipo nilipomwelewa Bob Fosse, mtunzi wa dansi na mwongozaji.

Fosse alizaliwa Chicago mwaka 1927, akacheza kwenye kumbi za burudani za usiku tangu utotoni. Mtindo wake unautambua mara moja: magoti yaliyogeukia ndani, mabega yaliyoinama, viganja vilivyotandazwa, kofia iliyoshushwa usoni, nyonga inayosogea peke yake wakati mwili wote umeganda. Nilikuwa nikiona madoido tu. Baada ya darasa niliona kwamba kila ambacho baleti imefungua, yeye amekifunga. Baleti inageuza goti nje, yeye analigeuza ndani. Baleti inanyoosha mgongo, yeye anaukunja. Na chanzo chake ni mwili wake mwenyewe: hakuwa na nyonga za kugeukia nje, mabega yake yalikuwa ya kuinama, nywele zilianza kumtoka mapema akapenda kofia. Alichokikosa akakifanya lugha. Mwaka 1973 alipata Oscar kwa kuongoza filamu ya Cabaret, tuzo za Tony, za kumbi za Broadway huko New York, kwa tamthilia ya muziki ya Pippin, na Emmy kwa kipindi cha televisheni, vyote ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna mwongozaji mwingine aliyelifanya.

Hata hivyo, ukimtazama Fosse bila kumtazama Gwen Verdon, mchezaji aliyekuwa mkewe, umeona nusu. Utotoni Verdon alivaa viatu vya matibabu kwa sababu ya matege, akaanza dansi ili miguu inyooke, akaishia na tuzo nne za Tony. Katika mwili wake mtindo huo, ambao kwa wengine huonekana baridi, unakuwa na ucheshi na uchungu kwa pamoja. Walioana mwaka 1960, wakatengana, hawakuachana kisheria, na Verdon aliendelea kufanya kazi naye. Mtunzi wa dansi hatumii karatasi, anatumia watu, na mara nyingi mtu anayetumiwa ndiye anayegundua hatua. Kila ninapompenda mtunzi siku hizi, swali langu la pili ni hili: alikuwa na nani chumbani?

George Balanchine alilijua hilo waziwazi. Alizaliwa St Petersburg mwaka 1904, akaletwa Marekani mwaka 1933 kwa mwaliko wa Lincoln Kirstein, tajiri mpenda sanaa, na mwaka uliofuata akaanza kutunga Serenade kwa wanafunzi wa shule yake mpya. Siku ya kwanza walikuja wasichana 17, akatunga kwa 17. Siku nyingine mmoja alichelewa, akamwacha aingie akiwa amechelewa, ikawa sehemu ya dansi. Mwingine alianguka, na kuanguka kukabaki. Ukiitazama leo ikichezwa na wachezaji hodari wasiochelewa wala kuanguka, ile ajali ya mazoezini bado imo, na inagusa. Mimi huwaambia wanaoanza: kama utatazama baleti moja isiyo na hadithi, iwe hiyo. Haina mfalme wala mchawi, ina muziki wa Tchaikovsky na watu wanaosogea, na bado unatoka ukiwa na huzuni usiyoweza kuieleza.

Huyuhuyu Balanchine ndiye aliyetunga dansi za Broadway, ikiwemo On Your Toes ya mwaka 1936, na mwaka 1942 aliwatungia tembo 50 wa sarakasi dansi kwa muziki wa Stravinsky. Nawataja tembo kwa sababu bado wapo wanaoamini baleti iko juu na tamthilia za muziki ziko chini. Historia yenyewe inawakatalia. Agnes de Mille alitoka kwenye baleti ya Rodeo ya mwaka 1942 akaingia kwenye tamthilia ya muziki ya Oklahoma! mwaka 1943, akaweka ndoto ya msichana ndani ya dansi ndefu inayoonyesha hofu ambayo maneno yake hayajaikiri. Jerome Robbins alitunga Fancy Free, baleti ya mabaharia watatu walio likizo, mwezi Aprili 1944, na kabla mwaka haujaisha ikazaa tamthilia ya muziki ya On the Town huko Broadway. Chita Rivera, aliyecheza Anita katika West Side Story, tamthilia ya muziki ya makundi mawili ya vijana maadui, mwaka 1957, alisomea shule ya Balanchine. Ukimtazama akirusha sketi yake, tazama mgongo: ni mgongo wa baleti. Mwaka 1986 ajali ya gari ilimvunja mguu sehemu nyingi. Alirudi jukwaani, na mwaka 1993 akashinda Tony.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua. Robbins ndiye mtunzi ninayempenda kuliko wote. Katika West Side Story aliomba wiki nane za mazoezi, muda mrefu kuliko desturi, na aliwakataza vijana wa makundi mawili ya hadithi kuchangamana hata nje ya mazoezi ili uadui wao uwe na ukweli. Matokeo yake unayaona tangu vidole vinapoanza kudata. Lakini wengi waliofanya naye kazi walisimulia ukatili wake mazoezini, jinsi alivyowadhalilisha watu mbele ya wenzao. Na mwaka 1953 aliyataja majina ya wenzake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Wapo ambao hawakumsamehe hadi alipofariki mwaka 1998.

Nilijaribu kuyatenganisha mambo hayo na kazi yake, nikashindwa. Kwa muda sikuweza kuitazama. Nilirudi baadaye kwa njia nyingine: naitazama kazi nikiwakumbuka waliocheza, maana ni jasho lao na ndilo lililodumu. Sisemi mwingine afanye hivyo. Nasema tu kwamba ukizama kwenye sanaa hii utakutana na mlango huo, na ni afadhali uufikie ukijua. Utakutana pia na njaa wanayojitesa nayo wachezaji ili wabaki wembamba, na vizuizi vya rangi vilivyodumu muda mrefu mno. Arthur Mitchell alipocheza na Diana Adams katika Agon, baleti ya Balanchine, mwezi Desemba 1957, mwanamume mweusi na mwanamke mweupe wakijikunja na kujifungua mikononi mwa kila mmoja, ilikuwa miezi michache tu tangu wanajeshi wawasindikize watoto weusi kuingia shule iliyokuwa ya weupe tu huko Little Rock, Arkansas. Balanchine aliwachagua wawili hao akijua wataonekanaje. Baada ya kuuawa Martin Luther King, Mitchell alianza kufundisha watoto Harlem, mtaa wa New York, na mwaka 1969 likazaliwa kundi la baleti la Dance Theatre of Harlem.

Na kuna majonzi ya aina nyingine. Dansi hupotea. Hakuna filamu inayomwonyesha Vaslav Nijinsky akicheza, mtu ambaye waliomwona waliapa kwamba alikuwa akikaa hewani. Dansi aliyoutungia muziki wa Stravinsky, The Rite of Spring, ilionyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 29 Mei 1913. Watazamaji walizomea kwa kishindo hadi okestra haikusikika, naye akasimama pembeni mwa jukwaa akiwahesabia wachezaji mdundo kwa kupaza sauti. Ilichezwa mara chache, ikaachwa, ikasahauliwa. Mwaka 1987 kundi la Marekani la Joffrey Ballet waliifufua baada ya watafiti kuiokoteza kwa miaka kutoka kwenye michoro, maandishi na kumbukumbu za wazee. Siku nilipoelewa kwamba karne nzima za dansi zimeondoka na miili iliyozibeba, niliacha kuahirisha. Kama kuna mchezaji unayempenda na bado anacheza, nenda sasa. Rekodi ni msaada mkubwa, mimi mwenyewe nimejifunza kwa rekodi kuliko kwa kitu kingine chochote, lakini haikuonyeshi uzito wa mwili ukitua wala ule ukimya wa watu elfu moja wakizuia pumzi.

Ukienda, linganisha. Tazama nafasi ileile ikichezwa na watu wawili tofauti, hata kwa miaka tofauti. Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev walicheza Giselle pamoja London mwezi Februari 1962. Fonteyn alikuwa na miaka 42, umri ambao wengi wamekwisha staafu, na Nureyev, aliyekuwa ameikimbia Urusi ya Kisovieti mwaka uliotangulia, alikuwa na 23. Katika rekodi zao, mwanamke huyu haruki juu kuliko vijana wa leo na mguu wake haufiki sikioni. Lakini anaposimama kusikiliza, unaamini kuna mtu anayemsikia. Baada ya kumwona yeye, nilianza kupima wachezaji kwa wanavyosimama.

Neno moja la mwisho kuhusu tiketi. Makundi hutangaza nani atacheza, na majina hubadilika hata siku yenyewe kwa sababu ya majeraha. Watu hukasirika, wengine hugeuka mlangoni. Tarehe 2 Novemba 1943, New York, walikuwa wakimsubiri Alicia Markova katika Giselle, akaugua. Akaingia badala yake msichana kutoka Cuba aliyeitwa Alicia Alonso, ambaye macho yake yalikuwa mabovu na alikuwa amelala kitandani miezi mingi baada ya upasuaji, akijifunza dansi hiyohiyo kwa vidole vya mikono juu ya shuka. Jukwaani alitumia taa za rangi kujua yuko wapi. Aliendelea kuicheza kwa miongo kadhaa. Siku hizi nikipewa karatasi ya majina ukumbini, natafuta kwanza nani ameingia badala ya nani.